Siku ya Pili Ndo Yenye Hela: Baiskeli, Kilosa, Mikumi na Ulaya Isiyotaka Viza

Wadau, kwa wasioijua wilaya ya Kilosa: ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi unapita Ulaya. Sitanii. Ulaya ipo, haina ubalozi wala viza, ina mahindi na vumbi. Naanza na Ulaya hii kwa sababu ile nyingine imewakwamisha sana waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Ukitaka kushindana na wakubwa inabidi uwafuate kwao. Kuwafuata kunataka viza, tiketi na baiskeli inayozidi pikipiki kwa bei.

Wakenya walichoka kupanga foleni ubalozini. Mwaka 2021 ikaanzishwa Migration Gravel Race kule Maasai Mara, kama kilomita 650 kwa siku nne mfululizo, ili wazungu waje wao. Nyuma yake kuna Team Amani, timu ya vijana wa ukanda huu. Nahodha wao Sule Kangangi alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Timu haikufa naye. Wenzetu Rwanda nao wakapiga hatua, Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Na sisi je? Tunayo mbio ya kuzunguka Kilimanjaro kwa baiskeli za milimani, zaidi ya kilomita 240 kwa siku mbili. Safi. Lakini kila kitu cha mgeni Bongo lazima kiwe Kilimanjaro au Zanzibar? Morogoro tumekaa tu tunaangalia mabasi yakipita.

Hoja yangu ni hii: Kilosa na Mikumi zinafaa kuwa na mbio za siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza baiskeli za milimani, zile za tairi nene na shokapu mbele, kwenye njia za miguu chini ya milima ya Rubeho. Siku ya pili baiskeli za barabara za changarawe, zile za usukani uliopinda kama pembe za kondoo, kutoka Kilosa kupitia Ulaya hadi Mikumi, safari isiyofika kilomita 80 kwa njia ya kawaida. Kwa njia za vijijini inaongezeka.

Kwa nini siku mbili? Hapa ndo penye siri. Mbio za siku moja hazimwachii mwenyeji kitu. Mgeni anakuja asubuhi, anakimbia, anapiga picha, jioni yuko Dar. Siku ya pili inamlazimisha alale. Akilala anakula, na kama ana akili anakula sana, maana wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini unaweza kuisha kwa saa mbili tatu za kukanyaga kwa nguvu. Asipoujaza usiku ule kwa wali au ugali, kesho miguu inagoma. Kwa hiyo gesti inapata, mama ntilie anapata, fundi baiskeli anapata, bodaboda anapata. Na kufika siyo tabu tena: treni ya SGR ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 na Kilosa ina stesheni.

Lakini siku hiyo hiyo ya pili ndo inayommaliza mtoto wa maskini. Tuongee ukweli. Kilosa kuna vijana wanaobeba magunia ya mkaa kwa Phoenix isiyo na gia, mlima na mteremko. Miguu wanayo. Siku ya kwanza kijana kama huyo anaweza kushangaza watu. Usiku ndo matatizo yanaanza. Spoku mbili zimekatika, hana za akiba. Mwenzake kalala hotelini kala nyama, yeye kalala kwa shangazi kala kidogo. Na kazi ya siku mbili imempita, nyumbani wanasubiri hela. Asubuhi wanapanga foleni moja tunasema mashindano ni ya haki. Haki gani hiyo?

Mbio za siku nyingi kwa kawaida zinajumlisha muda wa siku zote. Pancha moja bila mpira wa akiba na kazi yote ya jana imeenda na maji. Kwa mtazamo wangu, yeyote atakayeandaa kitu hiki azingatie haya:

1. Zawadi itolewe kila siku, jioni ile ile, mbali na ya jumla. Aliyeshinda jana asiondoke mikono mitupu kwa sababu ya msumari wa leo.

2. Kuwe na daraja la Phoenix, lenye zawadi ya maana. Siyo kichekesho cha kuwafurahisha wageni.

3. Chakula cha jioni, pa kulala na fundi viwe vya wote, vitoke kwenye ada ya washiriki wenye uwezo.

4. Kila kijiji kinachopitiwa kipate ushuru kwa kila mshiriki. Hili siyo geni. Tangu mradi wa mkaa endelevu uanze Kilosa mwaka 2012, vijiji vimekuwa vikitoza ushuru kwa gunia na kutumia fedha hizo kwenye madarasa na zahanati. Kama gunia linalipa, baiskeli ya mamilioni ishindwe nini?

Kuna watakaosema lami itaharibu mbio. Lami ya Dumila hadi Mikumi imekuwa ikijengwa kwa vipande, na mimi naitaka yote jana. Mgonjwa wa Ulaya anaihitaji kuliko mwendesha baiskeli. Njia za vumbi hazitaisha, mashamba ya mkonge na vijiji vina njia tele.

Tahadhari zipo pia. Masika ya Machi hadi Mei tope la Mkata halimwachi mtu, bora kiangazi. Na hifadhi ya Mikumi iachwe kabisa: barabara kuu inakatiza humo kama kilomita 50 na magari yameshaua wanyama wengi. Tembo nao wanatoka nje hadi mashambani, kwa hiyo askari wa wanyamapori washirikishwe kuchagua njia.

Halmashauri ya Kilosa, chama cha baiskeli, wenye hoteli Mikumi: mpira uko kwenu. Ila msije mkatuletea mbio ambazo vijana wetu kazi yao ni kushika chupa za maji za wageni. Bora basi tubaki na mabasi yetu.

Nawasilisha. Karibuni tubishane kwa hoja.