Punda Kwenye Kiti cha Kaisari

Pana kauli inayozidi kuzagaa miongoni mwa wapenzi wa mafumbo, nayo ni kwamba karata za taroti zina lugha ya nyota. Kwamba kila karata ilizaliwa na nyota yake tangu kale na kale. Na kwamba mwenye kutaka kuzifasiri kwa Kiswahili ana kazi moja tu: achukue jedwali la Wazungu mkono huu, achukue majina ya nyota ya magazetini mkono ule, kisha ayaoanishe. Naipinga kauli hii. Naipinga kwa hoja za lugha, maana hili ni baraza la lugha. Hukumu ya dini nawaachia mashehe na mapadri, ambao wamekwisha kuitoa. Nisemalo ni hili: uhusiano wa karata na nyota ulitungwa na watu, nao ulipita katika herufi na majina. Anayeyahamisha majina hayo bila kuyapima huzitwika karata maana zisizo zake, na hukipokonya Kiswahili maana kilizokuwa nazo.

Wala siyazungumzi mambo ya mbali. Hapa Daraja Mbili, na kote jijini Arusha, karatasi za waganga wanaoahidi kusafisha nyota ni jambo la kawaida kwa macho ya mpita njia. Mji huu unapokea wageni wa kila taifa, na karata zao zimeingia katika simu za vijana wetu pamoja na maelezo yake ya Kiingereza. Nyota ya mganga na nyota ya karata zimekutana katika neno moja, na mtu anayeambiwa kwamba nyota yake imefifia hafungui kamusi, hufungua pochi. Ndiyo maana sioni kuwa suala la majina ni la mchezo.

Tuanze na karata zenyewe. Seti ya taroti ina karata 78: 22 zenye picha kubwa, kama vile Kaisari, Mtawa, Mauti na Mnara, na 56 za mafungu manne, yaani panga, vikombe, sarafu na fimbo. Zilitokea Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na kazi yake ilikuwa kuchezwa. Mwaka 1781 ndipo Mfaransa Antoine Court de Gébelin alipotangaza kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Alitangaza hayo wakati ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Msingi wa dai zima, basi, ni lugha ambayo mdai hakuijua.

Jedwali la nyota linalotumika leo kwa wingi lilitengenezwa baadaye zaidi, na chama cha siri kilichoitwa Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888. Wanachama wake walizipachika karata 22 kwenye herufi 22 za Kiebrania. Kitabu cha kale cha Kiyahudi, Sefer Yetzirah, kilikuwa kimekwisha kuzigawa herufi hizo katika makundi ya 3, 7 na 12, kwa hesabu ya asili za maumbile, sayari na buruji. Hivyo nyota zilizifikia karata kwa kupanda mgongo wa alfabeti. Hakuna aliyekesha akitazama mbingu ili ajue kwamba Mtawa ni wa Mashuke au kwamba Mauti ni ya Nge.

Na jedwali lilipogongana na karata, ni karata iliyosogezwa. Katika seti za zamani za Ufaransa, Haki, yule mwenye mizani mkononi, alikuwa wa nambari 8, na Nguvu, yule mwanamke mwenye simba, alikuwa wa 11. Kwa mfuatano wa buruji, nambari 8 ilipaswa kuwa ya Simba na 11 kuwa ya Mizani. Wakazibadilishana. Seti iliyotolewa London mwaka 1909, iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith, ikaufuata mpango huo mpya, na Waite akakataa kumweleza msomaji sababu yake. Seti hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Leo kijana anaisoma nambari 8 kama kwamba imeteremka kutoka mbinguni, ilhali imeteremka kutoka mezani pa wahariri.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kuwacheka. Mwambao wetu una jedwali lake, na ni la kale kuliko la London. Ramli, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, ina maumbo 16 yanayotokana na mistari minne ya nukta, witiri au shufwa, na kila umbo hupewa sayari na buruji. Pia kuna hesabu ya abjadi: herufi za jina la mtu na za jina la mamaye hujumlishwa thamani zake, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki likawa ndiyo nyota yake. Tazama sasa uzito wa herufi moja. Jina Kasimu, likiandikwa kwa Kiarabu kama ipasavyo, huanza na kafu ya kooni, ambayo thamani yake ni 100, na jumla ya jina ni 201. Ukigawa kwa 12 linabaki 9, nayo ni Kausi. Mwandishi asiyeijua tofauti, kwa kuwa hati zetu za Kilatini zimeifuta, ataandika kafu nyepesi, yenye thamani ya 20. Jumla itakuwa 121, baki ni 1, na Kasimu amehama hadi Hamali. Ongeza jina la mama lolote utakalo. Masafa kati ya nyota hizo mbili hayabadiliki. Mbingu hazikutikisika hata chembe. Kilichobadilika ni imla.

Sasa tuyatazame majina yanayooanishwa. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki Mei 2011, ni miongoni mwa waliouingiza unajimu katika kila nyumba yenye gazeti, na majina ya safu za nyota tunayajua wote: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Sasa oanisha. Katika jedwali la London, Kaisari ni wa buruji ya kwanza. Pamela Colman Smith alimchorea kiti cha enzi chenye vichwa vya kondoo dume, kwa kuwa kwa Wazungu buruji hiyo ni kondoo dume. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa kwamba Kaisari ni wa nyota ya Punda. Huyo punda ametoka wapi? Dhana yangu ni kwamba Hamali ya wanajimu, ambayo kwa Kiarabu ni mwanakondoo, imechanganywa na hamali wetu wa bandarini, mbeba mizigo, na kutoka kwa mbeba mizigo hadi kwa punda si safari ndefu. Iwe ni hivyo au vinginevyo, mfasiri amemweka punda kwenye kiti cha Kaisari bila kujua kwamba amemweka. Angejua, angeweza hata kupata tafsiri tamu: kwamba mtawala ni mbeba mizigo ya watu. Lakini tafsiri ya ajali haina haki ya kuitwa hekima.

Chukua Jadi. Kwa Kiarabu ni mwanambuzi, na katika jedwali la London karata yake ni Ibilisi, mwenye pembe za mbuzi. Kwa Kiswahili, jadi hiyo imegongana na jadi nyingine yenye asili tofauti, ile ya mababu, ya mila na jadi. Mfasiri anayeandika kwamba Ibilisi ni wa Jadi, akidhani anatumia istilahi ya kisomi, ameandika bila kukusudia kwamba mila za mababu ni za shetani. Katika nchi ambayo sentensi hiyo imewahi kusemwa kwa kukusudia, na kwa ukali, si kosa dogo. Hapo jina la gazetini, Mbuzi, ni salama zaidi kuliko la kitabuni. Kwa Punda ni kinyume chake. Ndiyo kusema hakuna orodha moja ya kumezwa nzima nzima. Kila neno lina mashitaka yake na utetezi wake.

Chukua Mashuke. Wazungu huiita buruji hiyo Bikira, na karata yake ni Mtawa, mzee aliyesimama peke yake kileleni na taa mkononi. Kwa jina la Bikira, upweke wake husomwa kuwa ni usafi na kujitenga na dunia. Kwa jina letu, lililotoka katika Sumbula, yaani shuke la nafaka, taa ile inamulika kitu kingine: ni mkulima wa miteremko ya Meru anayekesha shambani mahindi yasije yakaliwa usiku. Mmoja amewakimbia watu, mwingine amekesha ili watu wale. Mfasiri anayeandika Mashuke kisha akaeleza habari za ubikira hajafasiri lolote. Amebandika lebo ya Kiswahili kwenye chupa ya kigeni.

Wenzetu hujibu kwamba nyota huipa karata kina na mpangilio, na kwamba bila nyota msomaji atapiga ramli gizani. Jibu hilo lina uzito, nami silidharau. Lakini jedwali lenyewe haliafikiani na elimu linayojifunika. Tatu ya panga katika seti ya 1909 ni moyo uliochomwa panga tatu chini ya mvua. Ni karata ya huzuni. Jedwali laiweka Zuhali ndani ya Mizani. Waulize wanafalaki wa kale, wa Kiarabu na wa Kigiriki: Zuhali ndani ya Mizani yuko katika sharafu yake, mahali pa heshima kuu. Picha inalia, nyota inashangilia. Msomaji mwaminifu afuate lipi? Akifuata picha, nyota haina kazi. Akifuata nyota, picha imekuwa uongo. Akizipatanisha kwa maneno yake mwenyewe, basi anayenena ni yeye.

Wala si kweli kwamba uaguzi hauwezi kuwako bila buruji. Laiboni wa Kimaasai, ambao hata Waarusha wanawajua vyema, humwaga vijiwe kutoka katika kibuyu au pembe na kuzisoma hesabu zake. Buruji 12 hazimo. Na karata nazo zilikaa mwambao wetu muda mrefu bila nyota, na ushahidi upo kinywani mwa kila mcheza karata. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno tuliyoyapokea kwa Wareno, na asili yake ni panga, vikombe, dhahabu na fimbo: mafungu yale yale manne ya taroti! Wacheza karata wa Daraja Mbili wanazitaja shupaza na kopa kila jioni, na mfasiri wetu msomi anapita karibu yao akitafuta istilahi katika simu.

Naomba nini basi? Naomba mfasiri wa taroti aseme wazi jedwali lake ni la nani na la mwaka gani. Naomba alipime kila jina la nyota kwa sikio la Mswahili kabla ya kuliandika. Naomba atumie shupaza, kopa, uru na pau, aache kuunda maneno pale yalipo. Na zaidi ya yote, naomba achunge kiima cha sentensi yake. Asemapo kwamba nyota zinasema mume wako atakuacha, sarufi imemficha msemaji, na asiyeonekana hawezi kuulizwa. Aseme kwamba ni yeye asomaye hivyo. Hapo mwenye kusomewa ataweza kumwambia kwamba amekosea.

Malenga wenzangu, jambo hili latuhusu kwa karibu. Istiari hufa siku inapopata jedwali. Siku tutakapokubaliana kwamba simba maana yake ni hii tu na mwezi maana yake ni ile tu, tutakuwa na orodha, na ushairi utakuwa umetutoka. Mizani ya wanajimu imegawiwa karata moja. Mizani yetu hupima kila neno, mshororo kwa mshororo. Naliacha neno langu katika mizani hiyo:

Si nyota zilizonena, ni watu wametamka,
Wakalipachika jina, karata likazishika,
Mfasiri pima sana, neno kabla kuliweka,
Punda akiitwa bwana, shehena haitotoka.