Si Bunduki, Ni Koili!

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakukosea. Lakini leo ninataka kuwasimulia habari za jina baya, maana nalo lina nguvu zake. Likizo ya Desemba nilishuhudia kwa macho yangu kazi ya miezi mitatu ikifungiwa ndani ya sanduku la baba kwa sababu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni "bunduki", na aliyelitamka, ole wangu, ni mimi mwenyewe.

Kwa wale ambao hawajakiona chombo chenyewe, wacha nieleze. Nilichukua ganda la kalamu ya biro nikalizungushia waya mwembamba wa shaba, ule wenye vanishi unaotoka kwenye mota ya feni iliyoungua. Nilizungusha mara 250 hivi, vidole vikaniuma. Hiyo ndiyo koili. Ncha zake nikaziunganisha na kapasita nne nilizozing'oa kutoka kwa amplifaya kuukuu, kila moja mikrofaradi 4700. Kapasita ni kama mtungi. Betri mbili za volti 9 zinaujaza polepole, halafu ukibonyeza swichi, vyote vilivyomo vinamwagika kwa mpigo mmoja. Umeme ukipita katika koili, koili inageuka sumaku, inakivuta kipande cha msumari kilichokaa mdomoni mwa ganda, nacho kinatokea upande wa pili mbio. Yote hayo niliyafanya maabarani, kwa ruhusa ya mwalimu wa fizikia.

Basi nikaja nacho nyumbani kwa mbwembwe. Jioni moja mzee jirani alikuwa amekuja kwetu kunywa chai. Akaniona nikikisafisha.

"We weri, ni nini hiyo?"

"Ni bunduki ya sumaku, mzee."

Kikombe kikasimama hewani. "Inarusha?"

"Inarusha."

"Mama, umesikia mtoto wako?"

Mama alisikia. Kufumba na kufumbua baba akaitwa, chombo kikachukuliwa, kufuli likalia. Nilijaribu kujitetea kwamba ni mchezo wa sayansi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Usiku ule nilinung'unika sana. Siku hizi sinung'uniki, na sitaki msomaji awacheke wazazi wangu. Hapa Kericho watu wazima wanaikumbuka Januari ya 2008, wakati moshi ulipofunika vijiji na majirani wakahama na magodoro vichwani. Mama aliyepitia siku zile hawezi kulisikia neno bunduki kinywani mwa mwanawe akacheka. Tena kuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Sheria hiyo inaangalia kama kitu chenye mtutu kinaweza kurusha kitu cha kuua. Haikuulizi kama umetumia baruti au stima. Kwa hiyo anayejigamba kijijini kwamba ametengeneza bunduki anachezea makaa ya moto.

Hata hivyo, nina maoni yangu na nitayatoa bila kupepesa macho. Wakubwa wanakosea wanapokitupa chombo, na sisi vijana tunakosea tunapokipa jina hilo. Kosa letu ndilo lililo kubwa zaidi.

Kwanza, jina ni la uongo. Bunduki husukuma. Baruti hulipuka nyuma ya risasi ikaifukuza. Koili haisukumi chochote, koili huvuta. Inakivuta chuma mpaka kifike katikati yake, na hapo ndipo penye kitendawili. Kama umeme bado unapita wakati chuma kimevuka katikati, koili ile ile inakirudisha nyuma! Kwa hiyo ufundi wote wa koili ni kujua wakati wa kuachilia.

Pili, jina hilo linamharibu hata fundi mwenyewe. Ukishaita bunduki, unachotafuta ni nguvu, basi. Mimi nilianza hivyo. Niliweka chombo juu ya meza yenye urefu wa sentimita 80, nikafyatua sambamba na sakafu, nikapima kipande kimeangukia wapi. Kwa kapasita nne kilianguka sentimita 90 kutoka mezani. Nikatamani kapasita nane. Sikuwa nazo. Kwa hasira tu nikaondoa mbili, nione itakuwaje. Lahaula! Kipande kikaangukia sentimita 160.

Nilidhani nimepima vibaya. Nikarudia mara tano, hali ni ile ile. Nilikaa siku mbili nikiumiza kichwa kabla ya kuelewa. Kapasita nne zilikuwa zinachelewa kumalizika. Kipande kilipovuka katikati, koili ilikuwa bado inakivuta kirudi. Kapasita mbili zilikwisha mapema, zikakiacha kiende zake. Nilikuwa nimepunguza nguvu nikapata mwendo! Hakuna mtu anayewaza bunduki angegundua jambo hilo, maana asingethubutu kupunguza.

Tatu, tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kitu kinachotoka mezani sentimita 80 juu ya sakafu kinaanguka kwa sekunde 0.4 hivi. Sentimita 160 kwa sekunde 0.4 ni mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Kipande changu kina gramu 3, kwa hiyo kinabeba jouli 0.024. Kapasita zangu mbili zilikuwa na jouli moja na nusu. Maana yake hata asilimia 2 haikufika kwenye chuma, kilichobaki karibu chote kiliishia kuupasha waya joto. Sasa mchukue mtoto anayefukuza ndege shambani kwa manati. Jiwe la gramu 10 likienda mita 20 kwa sekunde lina jouli 2, zaidi ya mara 80 ya msumari wangu. Na bado hakuna aliyewahi kuifungia manati sandukuni!

Naam, najua mtu atasema, "Na akija mwingine akaongeza volti?" Swali zuri. Kuna vijana wanaong'oa kapasita za flashi ya kamera, ambazo hubeba volti kama 300. Hizo si mchezo. Kapasita hukaa na umeme hata baada ya kutolewa betri, na anayeishika kwa mkono mtupu anaweza kupata pigo la kumwangusha au hata kumwua. Ndiyo sababu nasema tusiandame nguvu. Ukiandama nguvu utafika huko, na huko hakuna elimu ila hatari.

Sasa ndugu msomaji, twende kidogo ghalani. Huku kwetu kwenye chai kila mkulima anaijua mbolea ya NPK 26:5:5. Hiyo 26 ni asilimia ya naitrojeni, ile inayoufanya mchai utoe majani. Je, unajua kwamba safari ya mbolea ya naitrojeni kutoka viwandani iliwahi kupitia kwenye koili kama yangu?

Huko Norwe palikuwa na profesa wa fizikia aitwaye Kristian Birkeland. Alitaka pesa za kuchunguza ile mianga ya ajabu inayoonekana angani usiku huko kaskazini, akaona atengeneze mzinga wa koili auze. Mwaka 1903 akawaita wakubwa ukumbini waone maajabu. Alipowasha, ikapiga shoti. Ukatoka mwali na kishindo, watu wakataharuki, na biashara ya mzinga ikafa pale pale. Lakini Birkeland hakuutupa ule mwali. Mwaka huo huo aliungana na mhandisi Sam Eyde, wakautumia mwali wa umeme uliotandazwa kwa sumaku kuifanya naitrojeni ya hewani iungane na oksijeni, na kutokana na hayo wakapata mbolea. Mwaka 1905 ikazaliwa kampuni ya Norsk Hydro. Njia yao ya mwali ilikuja kushindwa na njia nyingine ya bei nafuu, lakini kampuni iliendelea. Idara yake ya mbolea ilijitenga mwaka 2004 ikaitwa Yara, jina ambalo mnaliona kwenye magunia madukani hapa Kenya.

Kama mzinga ule ungefaulu, huenda Birkeland angekumbukwa kwa kuua watu. Uliposhindwa, yeye na mwenzake wakawapatia watu mbolea. Na mzee mmoja angekuja kunywa chai akamfungia koili yake sandukuni, hata mwali wenyewe usingeonekana.

Basi napendekeza nini? Wanaopenda koili tuweke masharti yetu wenyewe kabla hatujawekewa. Volti zisizidi 18. Kapasita imwagwe umeme kabla ya kuguswa. Chombo kielekezwe kwenye sanduku la nguo kuukuu, kamwe si kwa kiumbe. Kila jaribio liandikwe daftarini, hasa lililoshindwa. Na mashindano yasiwe ya nani anafika mbali. Tuweke mkebe mtupu sakafuni, tuone nani atautumbukiza msumari mara kumi kati ya kumi. Nguvu haitamsaidia hapo, bali kipimo. Mimi hadi sasa nimefika sita.

Na jina? Tuite koili. Chama chetu cha Kiswahili kikipata neno tamu zaidi, nitalipokea kwa mikono miwili, mradi liseme kwamba chombo huvuta kisha huachilia.

Kabla sijaweka kalamu chini, mtataka kujua hatima ya sanduku. Mwezi Aprili pikapu ya baba ilikataa kuwaka. Ukizungusha ufunguo, kimya. Fundi akagonga stata kwa spana, ikalia "tak!", injini ikanguruma. Nikamwambia baba, "Hiyo 'tak' ni koili, imevuta chuma. Ni ile ile uliyoifungia." Baba akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Jioni nilikikuta chombo changu juu ya meza. Betri alibaki nazo. Akaniambia nitakapotaka kujaribu nimwite kwanza, naye awepo.

Nimeshamwita mara tatu.