Picha ya damu ya ubongo isiuzwe kama kipimo cha ugonjwa wa akili

Familia yenye mgonjwa wa akili hutamani kitu ambacho familia ya mgonjwa wa kisukari inacho, nacho ni karatasi ya kipimo. Mwenye kisukari hutobolewa kidole, namba ikasomwa, ubishi ukaisha. Kijana mwenye skizofrenia hana namba. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, haogi, anaamini majirani wanamfuatilia, na ndugu zake wanabishana mwaka mzima kama anaumwa, amerogwa, anavuta bangi au ni mvivu tu. Sasa akitokea mtu akasema, "Nitawapa picha ya ubongo wake muone ulipoharibika," si ajabu watu wakauza hata kiwanja.

Mtu wa namna hiyo yupo. Daniel Amen wa California, Marekani, ni daktari wa magonjwa ya akili aliyesomea kazi yake. Alianzisha kliniki zake mwaka 1989, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amekuwa akiwapima wagonjwa mtiririko wa damu kichwani kwa kipimo kinachoitwa SPECT. Ameandika vitabu vilivyouzwa sana, ameonekana katika televisheni za kwao, na siku hizi video zake zinafika mpaka kwenye simu za watu wa huku kwetu. Uchunguzi wake hugharimu maelfu ya dola, na kwa kawaida bima za huko hazilipii.

Kipimo chenyewe si uongo, na ni vyema tuseme haki. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Sehemu inayofanya kazi zaidi huletewa damu zaidi. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, nayo hunasa ndani ya ubongo kwa kadiri damu ilivyofika kila mahali. Kisha kamera maalumu huzunguka kichwa na kupokea mionzi hiyo, na kompyuta ikachora picha. Madaktari wanakitumia kwa manufaa, kwa mfano kutafuta mahali kifafa kinapoanzia kabla ya upasuaji, au kusaidia kutofautisha aina za maradhi ya kusahau ya uzeeni.

Tatizo linaanza pale picha inaposomwa kupita uwezo wake. Zile rangi nyekundu na buluu hazimo kichwani mwa mtu. Amezichagua aliyeipanga kompyuta. Na yale "mashimo" yanayowatisha watu si mashimo. Kompyuta imeambiwa isichore sehemu ambazo damu yake iko chini ya kiwango fulani, basi pale panabaki tundu kwenye picha, ilhali nyama ya ubongo ipo pale pale. Ukipandisha kiwango, hata mtu mzima wa afya atatokea na matundu. Isitoshe, damu ya ubongo hubadilika kwa mambo mengi: kahawa huipunguza, na dawa anazotumia mgonjwa, usingizi na wasiwasi wa siku hiyo navyo vina athari zake.

Wala si kwamba wataalamu hawajajaribu. Mwaka 1948 Seymour Kety na wenzake huko Marekani walipima damu ya ubongo mzima kwa wagonjwa wa skizofrenia, wakakuta haina tofauti na ya watu wazima wa afya. Mwaka 1974 Ingvar na Franzén wa Sweden, kwa njia iliyopima sehemu moja moja, waliona damu ni pungufu kiasi upande wa mbele wa ubongo. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa. Lakini hiyo ni habari ya wastani wa kundi. Wapo wagonjwa wengi wenye damu ya kawaida, wapo wazima wenye pungufu, na upungufu kama huo umeonekana pia kwa baadhi ya wenye sonona. Ni sawa na kusema wanaume ni warefu kuliko wanawake. Ni kweli, lakini ukiambiwa urefu wa mtu mmoja tu, huwezi kuapa kwamba ni mwanamume.

Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliunda jopo la kuchunguza suala hili. Ripoti yake ya mwaka 2012, na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018, zilifikia jambo moja: hakuna picha ya ubongo iliyothibitika kufaa kutambulisha ugonjwa wowote wa akili kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Dk. Amen hujibu kwamba madaktari wa akili ndio pekee wasiotazama kiungo wanachokitibu. Hoja hiyo ni tamu masikioni. Lakini picha ya mfupa uliovunjika humwambia daktari aweke plasta wapi. Hii ya damu, baada ya kulipiwa, bado daktari anarudi kumuuliza mgonjwa maswali yale yale ndipo aandike dawa. Na mionzi yake ni takriban ile ambayo mtu huipata kwa asili katika miaka mitatu. Si ya kuua, ila kwa nini mtoto aipate bure, tena mara mbili, kwa vile kliniki hizo hupiga picha moja akiwa ametulia na nyingine akiwa anafanya zoezi la akili?

Nakiri kwamba kwa familia nyingi picha huondoa lawama. Baba aliyekuwa akimchapa kijana kwa "ukaidi" akiona rangi zile huacha. Hilo si dogo. Lakini heshima hiyo mgonjwa anastahili bila ya kulipiwa dola.

Vipo vipimo vinavyostahili fedha yako. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, mwenye homa, apimwe malaria haraka, maana ikipanda kichwani inaua. Apimwe sukari, kaswende, virusi vya UKIMWI na tezi ya shingo. Akiwa na degedege, maumivu mapya ya kichwa, au mkono umelegea, picha ya CT au MRI ni ya lazima, kwani huenda kuna uvimbe au damu imevuja.

Baada ya hapo, kipimo kikubwa ni maelezo: yalianza lini, usingizi ulipotea kabla au baada, amewahi kusema anataka kufa, anatumia nini, nani mwingine katika ukoo aliugua hivyo. Mwenye kuyajua hayo mara nyingi ni mama yake au mkewe, naye ndiye anayeachwa kwenye benchi nje wakati kaka mkubwa anaingia kuzungumza na daktari. Aingie yeye.