Kompyuta ni yangu, ufunguo ni wa nani?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana hapa Hola. Leo nimekasirika, kwa hiyo lazima niandike.

Wiki jana mwalimu mmoja aliniletea leptopu ya mtumba. Kioo safi, betri bado inashika chaji. Tatizo ni kwamba ina Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yenyewe haifikii masharti ya Windows 11. Dawa naijua: flashi yenye Linux, nusu saa, kazi kwisha. Nikachomeka, nikawasha, nikataka ianze na flashi. Ikaniomba nywila ya BIOS! Nywila ya nani? Ya mwenye mashine wa kwanza, huko ng'ambo. Mwalimu kalipa pesa zake zote, na mlangoni bado amesimama bawabu wa mtu mwingine.

Kwa wageni wa mambo haya: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows au Linux bado imelala kwenye diski. Programu ndogo iliyo kwenye madabodi huamka kwanza na kutafuta butiloda. Butiloda ndiyo inayopakia programu endeshi kwenye kumbukumbu na kuikabidhi usukani. Anayeamua butiloda ipi iruhusiwe ndiye mwenye mashine. Wengine wote ni wapangaji.

Zamani mlango huu ulikuwa wazi. Tangu PC DOS 2.0 ya mwaka 1983, BIOS ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, kisha ikaangalia kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA. Basi! Nilipokuwa chuoni niliandika butiloda yangu ndani ya baiti hizo. Ilichapisha neno "Hujambo" na kuganda, lakini nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Mwaka 1992 Werner Almesberger alituletea LILO. Ilikariri mahali keneli ilipo kwenye diski. Ukibadilisha keneli ukasahau kuiendesha upya, mashine haiwaki. Mwaka 1995 Erich Boleyn akaanza GRUB, inayosoma mafaili yenyewe na kukupa menyu uchague. Kila hatua ilimwongezea mtumiaji uwezo.

Kisha ikaja UEFI, na mwaka 2012 Windows 8 ikaja na Secure Boot: butiloda isiyo na saini inayokubalika haiwaki. Saini ya nani? Kompyuta nyingi hutoka kiwandani na funguo za Microsoft, hivyo Linux nyingi hutanguliza programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft! Windows 8 ilipokuja, watengenezaji wa PC za kawaida walilazimika kukuachia uwezo wa kuizima Secure Boot. Ilipofika Windows 10 mwaka 2015, hilo likaachwa wapendavyo wao. Mwenye nguvu mpishe.

Najua mtaniambia: usalama! Sawa. Mwaka 2020 GRUB yenyewe ilikutwa na tundu lililoitwa BootHole, na mwaka 2023 ilichambuliwa BlackLotus, programu hasidi inayojificha hapo hapo kwenye uwashaji. Kufuli nalikubali. Ninachouliza ni nani ameshika ufunguo. Ukijenga nyumba yako hapa Hola, utamwachia fundi ufunguo wa pekee? Agosti 2024 sasisho la Windows lilikataa butiloda za zamani za Linux, na watu waliokuwa na mifumo yote miwili wakaamka Linux yao haiwaki. Nani aliwauliza?

Simu ndiyo balaa zaidi. Nyingi zina butiloda iliyofungwa, na masasisho yakikoma mwenyewe hana la kufanya. Simu nzima inageuka taka.

Nataka jambo moja. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huidhinisha simu kabla haijauzwa hapa. Basi iweke sharti: aliyemaliza kulipa apewe njia ya kufungua butiloda. Na shule zinaponunua kompyuta, ziandike sharti hilo hilo kwenye zabuni.

Nawe ukienda kununua leptopu ya mtumba, usitoe pesa kabla hujaingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuiwasha kwa flashi yako mwenyewe. Muuzaji akinuna, ondoka.

Ya mwalimu bado iko mezani kwangu. Nzima kabisa, na haina faida.