Usiniambie "Kali" Halafu Ukaondoka

Kila hosteli hapa chuoni ina watu waliojifundisha sanaa wenyewe. Yupo anayetengeneza biti kwa simu, yupo anayebuni mabango ya sherehe, yupo anayetunga mashairi nyuma ya daftari la takwimu. Nawaheshimu sana. Ila tunawanyima kitu kimoja: ukosoaji unaojenga.

Tunachowapa ni "kali sana mwanangu!" au kicheko. Vyote viwili havimwambii mtu kesho afanye nini.

Tazama ushairi wa Kiswahili. Washairi wetu wengi hawakufundishwa kutunga darasani. Walisoma tungo za wenzao magazetini, wakajibizana kwa beti. Kipimo kilikuwa wazi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16: nane za ukwapi, nane za utao. Huna haja ya kumwambia mtu "shairi lako bovu". Mwambie "mshororo wa tatu una mizani 17". Atahesabu mwenyewe, atarekebisha. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alizichapisha kanuni hizo katika kitabu, hivyo hata asiye na mwalimu akapata pa kujipimia.

Najua kuna watakaosema kanuni zinaua ubunifu. Mimi sikubali. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Alikosolewa vikali, lakini hakurudi nyuma: mwaka 1988 akatoa Karibu Ndani. Mabishano yale yalizilazimisha pande zote kueleza shairi ni nini hasa. Si lazima uutii ukosoaji, ila ukiwa na hoja, lazima uwe na jibu lake.

Basi mwenzako akikuonyesha kazi yake, muulize kwanza alikusudia nini. Kisha gusa sehemu moja tu, uitaje: "Ngoma inaizidi sauti kwenye kiitikio." "Maandishi ya njano kwenye karatasi nyeupe hayasomeki kutoka mlangoni." Hapo umemsaidia kuliko pongezi mia, na hujamvunjia heshima.

Na wewe msanii, acha kuuliza "mnaionaje?" Utajibiwa "kali" na watu watarudi kwenye simu zao. Uliza hivi: "Ni wapi ulianza kuchoka?" Halafu nyamaza, usikilize.