Moi Hadi Ukunda ni Kilomita 29 tu, Mbona Safari Ilikuwa Inakula Masaa?

Ukicheki ramani utadhani ni mchezo. Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Ukunda pale Diani ni kama kilomita 29 ukipima moja kwa moja. Kwa barabara ni karibu 40. Lakini uliza msee yeyote wa South Coast aliyewahi kukimbizana na ndege ya asubuhi pale Moi. Atakupa story ingine kabisa.

Kilichokuwa kinakula masaa ni maji. Kivuko cha Likoni kina upana wa kama mita 500 hivi, hakuna daraja la magari, na feri zimekuwa zikibeba karibu watu 300,000 kwa siku. Feri moja ikikwama, foleni inarudi hadi ndani ya town. Dereva hawezi kukuahidi chochote, so unatoka Diani masaa manne mapema na bado roho iko mkononi.

Na si kuchelewa tu. Mwaka wa 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Mwaka wa 2019 gari liliteleza kutoka kwa feri hapo Likoni, mama na bintiye wakaenda nalo. Watu wa Pwani hawajasahau.

Hapo ndipo Ukunda ilipata jina. Uwanja ni mdogo, lakini ukishuka unadandia tuktuk na dakika chache uko beach. Mara nyingi tiketi yake iko juu kuliko ya Moi, na wengi walilipa hiyo tofauti ili tu wasione Likoni.

Hesabu ilibadilika 2024, wakati bypass ya Dongo Kundu ilianza kupitisha magari hadi Kwale. Pesa nyingi za ujenzi zilikuwa mkopo kutoka Japan. Inaanzia Miritini, karibu na stesheni ya SGR, inapita daraja la Mwache, kisha lile la Mteza lenye zaidi ya kilomita 1.4, halafu inatokea Kibundani. Barabara ikiwa wazi, Moi hadi Ukunda ni chini ya saa moja. Na cha maana zaidi, sasa unaweza kukadiria utafika saa ngapi.

Lakini hiyo raha ni ya nani? Ni ya mwenye gari ama doo ya teksi. Mfanyakazi wa hoteli anayetoka Changamwe kwenda job Diani, akitaka kubana nauli, bado anapanda mathree hadi feri, anavuka kwa mguu bure, kisha anatafuta mathree ingine Likoni. Kwake kilomita ni zile zile na foleni ni ile ile. Hadi usafiri wa umma wa bei poa upite Dongo Kundu kwa wingi, hiyo lami imewaokoa watalii kwanza.

Kama unapanga kuteremka Diani na mabeshte, usicheki bei ya tiketi pekee. Chukua tiketi ya Moi, ongeza teksi mkigawana, linganisha na Ukunda. Mkiwa wanne, Moi inaweza kuwabakishia ganji ya samaki. Ukiwa solo, teksi ni yako peke yako, na Ukunda inaweza kukushindia.