Maji yetu wameyapima, majibu wameyafungia

Mama mmoja wa zile familia zilizohamishwa kupisha mgodi, hapa pembeni ya Kolwezi, alinishika mkono baada ya mkutano akaniuliza: majibu ya maji yako wapi? Vijana wa kampuni wamekuja kwenye kisima chao mara tatu. Wanajaza chupa, wanabandika karatasi yenye namba, wanapanda jeep, wanaenda. Chupa zimeondoka mara tatu, jibu halijarudi hata mara moja.

Nilienda kwenye biro ya kampuni kuuliza. Walinipokea kwa adabu, wakanipa kiti, kisha wakaniambia kwamba matokeo hayo ni ya matumizi ya ndani. Jina la kampuni silitaji. Anayeishi karibu na mgodi mwingine atasoma hapa na kufikiri nasema juu ya ule wa kwake, na hilo peke yake linatosha kutuonyesha shida ilipo.

Matumizi ya ndani! Ndani ya wapi? Maji yametoka kwenye kisima cha huyu mama, na watoto wake ndio wanayanywa.

Msifikiri kwamba makampuni haya makubwa hayajui kugawana maarifa. Yanajua sana. Mashine ikiharibika Lualaba asubuhi, injinia aliye Uchina, Canada au Uswisi anaona picha zake kabla ya jua kuzama. Wana mikutano ya video, wana vitabu vya utaratibu vinavyofanana katika kila mgodi, wana wataalamu wanaozunguka bara hadi bara. Mfanyakazi akiumia upande mmoja wa dunia, ripoti inaandikwa ili wa upande mwingine asiumie vilevile. Jambo hilo ni zuri na ninalisifu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini maarifa yanayovuka bahari kwa siku moja yanashindwa kuvuka uzio wa mgodi kufika kwa jirani?

Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la taka za mgodi wa kampuni ya Vale lilipasuka Brumadinho, nchini Brazili. Watu 270 walikufa. Kantini ya wafanyakazi ilikuwa chini ya bwawa, na tope likaifunika saa ya chakula. Ving'ora vya kuwaonya watu havikulia. Baada ya msiba huo, makampuni ya madini, wawekezaji na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa walikaa pamoja, na mwezi Agosti 2020 wakatoa kanuni za kimataifa kuhusu mabwawa hayo. Kanuni zinasema watu wanaoishi karibu washirikishwe, habari za bwawa zitolewe wazi, na mpango wa kuokoa watu uandaliwe pamoja nao.

Somo hilo limelipiwa kwa roho za watu. Lakini tarehe 18 Februari 2025, karibu na sisi kabisa, bwawa la kampuni ya Kichina lilipasuka kule Zambia, maji ya asidi yakaingia mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Sasa ulizeni katika kijiji chenu: bwawa likipasuka usiku, tukimbilie upande gani? Nani atapiga king'ora? Nimeuliza swali hili katika vijiji vitatu vilivyo chini ya mabwawa. Hakuna aliyenijibu.

Kumbe upande wa kupokea, mlango uko wazi siku zote. Jules Cornet, mwanajeolojia Mbelgiji, alipopita Katanga mwaka 1892, alikuta mashimo ambayo mababu zetu walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba tangu zamani. Walioijua ardhi walikuwa wenyeji. Ramani ikapata jina la mgeni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walianza kuondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wazee wale walijua kila mlango wa mgodi, kila mahali maji yanapotokea chini. Wengi walirudi nyumbani na maarifa yao kichwani, na leo wamekaa chini ya mwembe. Halafu kampuni inaleta mshauri kutoka mbali, anazunguka akiwauliza wazee hao hao, anaandika ripoti kwa lugha wasiyoisoma.

Nakala ya ripoti inaenda makao makuu. Mzee anabaki na kofia ya zawadi.

Watetezi wao wananiambia mambo mawili. La kwanza, kuna siri za biashara. Sawa, bei waliyokubaliana na mnunuzi wa kobalti waibaki nayo. Lakini asidi iliyo ndani ya kisima si siri ya biashara. La pili, eti raia hawataelewa namba za labo. Mama anayepima unga sokoni kila siku anaelewa namba. Mwambieni tu: maji haya yanafaa kunywa, au hayafai. Akisikia kwa Kiswahili ataelewa mara moja.

Na pesa isiwe kisingizio. Kanuni ya madini ya 2018 inaitaka kampuni iwe na daftari la ahadi kwa wakaaji, lile tunaloita cahier des charges, na itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kubandika karatasi moja kwenye mlango wa kituo cha afya hakuwezi kuifilisi kampuni.

Hata sisi hatuko safi. Kuna viongozi wa vijiji wanaopewa ripoti wanaziweka chini ya godoro. Na sisi wa radio, tunaalikwa kwenye sherehe ya kufungua kisima, tunapewa pesa ya usafiri, tunasifu rangi ya pampu. Ni wangapi kati yetu tulishauliza kama maji yake yalipimwa? Mimi mwenyewe nilisifu pampu ile, na sikuuliza.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Matokeo ya kila kipimo cha maji yasomwe hadharani kwa Kiswahili, na sisi radioni tutayasoma bila malipo. Kila kijiji kilicho chini ya bwawa kionyeshwe njia ya kukimbilia, na mazoezi yafanyike na watoto wakiwemo. Na yeyote anayekuja kutuuliza au kuchukua maji yetu aseme mbele ya watu siku atakayorudi na jibu. Siku hiyo ikipita bila jibu, akija tena na chupa tumwombe kwanza majibu ya zile za mwanzo.

Yule mama bado anachota kwenye kisima kile kile, kwa sababu hana kingine.